Friji Isiyopoza Kiruruma: Gesi Ndiyo ya Mwisho Kushukiwa

Kazi ya friji ni kuchota joto lililomo ndani ya kabati na kulitupa nje. Ikishindwa kupoza, ama joto halichotwi, ama linachotwa lakini halipati pa kwenda, ama linaingia ndani kwa kasi kuliko linavyotolewa. Kiyoyozi kinafanya kazi kwa mzunguko huohuo, tofauti ikiwa tu kwamba kabati lake ni chumba kizima. Katika miinuko ya Kiruruma, wilayani Karagwe mkoani Kagera, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, nyumba yenye kiyoyozi ni nadra kwa sababu hewa yenyewe ni ya baridi. Mashine ya kupoza inayotegemewa huko ni friji: ya maziwa ya jioni, ya sato waliotoka Bukoba, ya soda za dukani, na ya senene wanaogandishwa Novemba ili waliwe Februari. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, friji ni sehemu ya tiba.

Friji hiyo inapoacha kupoza, kauli ya kwanza kusikika karibu kila mahali ni kwamba gesi imeisha. Kauli hiyo inaligharimu eneo hili fedha nyingi na mashine nyingi nzima, kwa hiyo inafaa kuanza kwa kueleza gesi inafanya nini.

Chini nyuma ya friji kuna kompresa, kile kipipa cheusi cha chuma. Kompresa huisukuma gesi ikiwa na presha na moto mwingi kuingia kwenye mabomba ya kondensa, ambayo kwa friji za zamani yanaonekana mgongoni kama wavu mweusi, na kwa nyingi za sasa yamefichwa chini ya bati la ubavuni. Humo gesi hupoteza joto lake kwa hewa ya chumbani na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye chujio, kisha kwenye kapilari, mrija ambao tundu lake halifiki milimita moja, na kutokea kwenye mabomba ya friza ambako presha ni ndogo. Huko huchemka, na kwa kuchemka hufyonza joto la vyakula, halafu hurudi kwenye kompresa. Mzunguko mzima umefungwa kwa kuchomelewa kila kiungo. Gesi haiishi kwa kutumika kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Ikipungua, kuna tundu. Friji isiyo na tundu inaweza kufanya kazi miaka 20 kwa gesi ileile iliyotiwa kiwandani.

Kwa mazingira ya Karagwe na Kyerwa, mshukiwa wa kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukipokea umeme wa Uganda kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, wilayani Missenyi. Kutoka Kyaka umeme hupanda milima kwa laini ndefu za kilovolti 33, hushushwa na transfoma za vijiji, kisha hutembea tena kwa waya mrefu wa nguzo hadi nyumba ya mwisho. Kila kilomita ya waya hula volti. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara, wenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, pamoja na mradi wa laini ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka, ni hatua za kuuimarisha umeme wa mkoa huu. Lakini hata gridi yenye nguvu haiugeuzi waya mwembamba wa kijijini kuwa mnene. Nyumba iliyo mwisho wa laini, transfoma ileile ikilisha mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea vyuma, itaona umeme mdogo saa za kazi na saa za mapishi.

Umeme mdogo huidhuru friji kwa njia ambayo taa haiwezi kuionyesha kikamilifu. Umeme wa nyumbani Tanzania umekadiriwa volti 230. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka haipungui sambamba na volti, bali kwa mraba wake: volti zikishuka hadi 170, mota inabaki na takriban asilimia 55 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Taa za LED zitaendelea kuwaka vizuri, simu zitachaji, televisheni itaonyesha, na mwenye nyumba ataapa kuwa umeme ni mzima. Kompresa yenyewe itanguruma sekunde chache bila kuzunguka, ipate moto, kisha kikata-umeme kidogo kilichobanwa ubavuni mwake, ambacho mafundi hukiita ovalodi, kikate. Baada ya dakika kadhaa kinapoa na kujaribu tena.

Sauti ya tukio hili ni rahisi kuitambua ukimya ukitanda: mngurumo mfupi wa chini, kisha “tik”, kimya, mngurumo, “tik”. Friji inayofanya hivyo haina tatizo la gesi kabisa, kwa sababu gesi haijaanza hata kuzungushwa. Ama volti hazitoshi, ama relei ya kuwashia au kapasita imekufa, ama mota yenyewe imeungua. Vipimo viwili vya multimita vinatosha kuanza kutenganisha: kimoja kwenye soketi ya friji kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kingine usiku wa manane, vyote kompresa ikiwa inajaribu kuwaka. Usiku wa manane zikiwa volti 220 na jioni 170, tatizo liko nje ya nyumba. Zikiwa nzuri kwenye mita ya Luku lakini mbaya kwenye soketi, tatizo ni la ndani: kiungo kilicholegea, waya mwembamba, au ekstensheni ndefu iliyovutwa kutoka chumba cha pili. Friji ichomekwe kwenye soketi yake ya ukutani, basi.

Mwenye volti ndogo za kudumu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika vipimo hivyo, tarehe na saa, na kuvipeleka TANESCO; malalamiko yenye namba humwezesha fundi wa shirika kusawazisha mzigo kati ya fezi au kurekebisha transfoma, mambo ambayo lalamiko la “umeme mbovu” haliwezi kuyaonyesha. Ya pili ni kuweka kinga. Kifaa kinachouzwa kwa jina la friji-gadi hukata umeme volti zikizidi au zikipungua mno, na huchelewa dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Hakiongezi volti hata moja. Anayetaka ziongezwe anahitaji stabilaiza, tena yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye friji, kwa kuwa kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida.

Ule ucheleweshaji wa dakika kadhaa si pambo. Kompresa ikizimwa, upande mmoja wa mzunguko unabaki na presha kubwa na mwingine ndogo, na huchukua kama dakika tano kusawazika kupitia kapilari. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde 10, kama unavyofanya wakati wa mvua za radi, kompresa hulazimika kuanza dhidi ya presha hiyo. Ndiyo maana friji nyingi hufa umeme unaporudi. Asiye na friji-gadi achomoe plagi umeme ukikatika, na asichomeke mpaka utulie.

Wanaotumia sola wana namna yao ya umeme mdogo. Friji ya volti 12 inayovuta ampea 5 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 10 kutoka kwenye betri, hupoteza zaidi ya volti moja njiani, na kidhibiti chake huizima kikidhani betri imeisha. Waya ufupishwe au unenepeshwe kabla ya kulaumu betri.

Umeme ukiwa sawa na kompresa inazunguka, uchunguzi unahamia kwenye joto lisilopata njia ya kutoka. Nyumba nyingi huweka friji sebuleni, na sebule huwa na utaratibu wake: friji imesogezwa hadi kugusa ukuta, kochi limebanwa ubavuni, kitambaa cha kufuma kimetandikwa juu na kuning’inia hadi nusu ya mgongo. Kila kimoja kinazuia hewa. Friji inahitaji nafasi ya kama sentimita 10 nyuma, na kwa zile zenye mabomba ubavuni, nafasi pande zote mbili. Ubavu kuwa wa moto kwa friji hizo ni dalili njema, ingawa wengi huiogopa na kumwita fundi. Friji za mgongo wazi zilizo karibu na jiko la kuni hukusanya masizi na vumbi jekundu linaloganda kama blanketi. Plagi ichomolewe na mgongo usafishwe kwa brashi laini kila baada ya miezi michache.

Raba ya mlango haihitaji maneno mengi. Noti ya shilingi 1,000 ibanwe na mlango kisha ivutwe. Ikitoka bila kukinza, hewa ya nje inaingia hapo. Raba ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na iliyopinda inyooshwe kwa maji ya moto kabla ya kununuliwa nyingine. Sufuria ya maharage ya moto ikiingizwa ndani ni joto la kutosha kuifanya friji ndogo ihangaike saa nyingi; sufuria ipoe kwanza. Chombo cha maziwa kifunikwe, maana mvuke wake ndio unaokuwa theluji kwenye friza.

Theluji hiyo ina uzito wake. Ikizidi nusu sentimita huwa kizuizi kati ya mabomba na chakula, kwa hiyo friji hufanya kazi muda mrefu na kupoza kidogo. Iyeyushwe kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi, na beseni la maji ya moto likiwekwa ndani kuharakisha. Kisu kisitumike kamwe. Kuta za friza nyingi ni alumini nyembamba yenye mabomba ndani yake, na ncha ya kisu ikipenya, gesi hutoka kwa mlio mfupi na friji huwa imekwisha katika dakika hiyo. Hapa ndipo kauli ya “gesi imeisha” inapokuwa kweli, na mara nyingi mkono wa mwenye nyumba ndio uliosababisha.

Friji zisizoganda theluji zina feni ndani na hita ndogo inayoyeyusha barafu iliyojificha nyuma ya ukuta wa friza. Dalili yake ikiharibika ni ya pekee: friza inagandisha vizuri huku sehemu ya chini ikiwa na joto. Barafu imeziba njia ya hewa, au feni imekwama. Friji izimwe siku nzima milango ikiwa wazi. Ikipoza vizuri kwa wiki moja hivi kisha tatizo likarudi, hita, kihisio chake au saa ya kuyeyushia imekufa, na vyote vinabadilishwa bila kuugusa mzunguko wa gesi.

Kuna hitilafu moja ambayo pwani haijulikani, lakini Kiruruma ina mahali pake. Katika usiku wa Juni na Julai friza huanza kulegea: nyama inalainika, senene wanashikamana, ilhali chini maziwa ni ya baridi na kompresa haisikiki kwa saa nyingi. Mashine ni nzima. Friji nyingi za milango miwili zina themostati moja tu, na kihisio chake kiko sehemu ya chini. Usiku, joto la nje likiwa limeshuka chini ya nyuzi 16 na nyumba ya bati haina dari, sehemu ya chini haipati joto la kuiamsha themostati. Kompresa inalala, na friza, inayotegemea kompresa hiyohiyo kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri, inapanda joto taratibu.

Watengenezaji wanalijua jambo hili na huliandika kwenye kibandiko kilicho ndani ya friji kwa herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni friji iliyoundwa kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Mnunuzi huambiwa atafute T kwa sababu Afrika ni joto. Kwa Dar es Salaam ni ushauri mzuri. Kwa Kiruruma herufi za thamani ni SN, na friji nyingi huandikwa kwa pamoja kutoka SN hadi T, ambazo ndizo bora. Aliyekwisha kununua isiyo na SN aongeze namba ya themostati msimu wa baridi na kuihamishia friji kwenye chumba chenye joto zaidi. Baadhi ya modeli zina swichi ndogo ya msimu wa baridi inayowasha hita au taa karibu na kihisio. Kumwongezea gesi mgonjwa wa aina hii ni kumharibu.

Ndipo inafikia zamu ya gesi. Friji yenye gesi pungufu huzunguka bila kupumzika, kondensa yake ni vuguvugu au baridi kabisa, na barafu hujitokeza kwenye kipande cha kwanza tu cha bomba la friza huku kwingine kukiwa kukavu. Alama ya mafuta kwenye kiungo huonyesha tundu lilipo, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Dalili hizohizo zinaweza kutolewa na kapilari iliyoziba au kompresa iliyochoka, hivyo fundi anayetangaza gesi kwa kugusa mgongo wa friji amebahatisha. Friji inayopoza, ikaacha, ikazimwa saa chache na kupoza tena, huenda ina unyevu unaoganda kwenye mdomo wa kapilari.

Unyevu huo una historia yake kwenye friji za sasa. Nyingi hutumia R600a, yaani isobutani, iliyochukua nafasi ya R134a, ambayo gramu yake moja huipasha dunia joto mara 1,430 kuliko gramu ya kaboni dayoksaidi. Uamuzi wa dunia wa kupunguza gesi za jamii hiyo ulipitishwa Oktoba 2016 jijini Kigali, ng’ambo tu ya mto Kagera. Isobutani ndani ya friza hufanya kazi kwa presha iliyo chini ya ile ya hewa. Tundu likitokea upande huo, hewa ya nje na unyevu wake ndivyo vinavyonyonywa kuingia. Kuongeza gesi juu ya hewa hiyo hakutibu chochote. Tena isobutani inaungua: friji nzima hubeba gramu chache, mara nyingi karibu 50, lakini zinatosha kulipuka kwenye chumba kidogo chenye koroboi au jiko, na mabomba yake hayachomelewi gesi ikiwa bado imo.

Mwinuko nao una lake. Geji ya fundi husoma tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje, na hewa ya Kiruruma ina kilopaskali kama 84 badala ya 101 za pwani. Fundi anayejaza hadi namba aliyoizoea Dar es Salaam au Tanga ataacha friji na gesi pungufu kidogo bila kujua, na kwenye friji ndogo upungufu mdogo unaonekana. Namna isiyodanganywa na mlima ni kupima kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kabla ya hapo tundu litafutwe kwa naitrojeni na povu la sabuni, lizibwe, chujio libadilishwe, na pampu ya vakyumu itoe hewa na unyevu wote. Kazi hiyo ikiruka hatua moja, friji itarudi kwa fundi kabla ya msimu kwisha.

Wenye ndugu Mwanza au Dar es Salaam wanaweza kuutumia mpangilio huohuo kwa kiyoyozi: volti kwanza, kisha chujio la hewa lioshwe, mashine ya nje isafishwe vumbi na iachiwe nafasi. Tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka ikiwa nyuzi 8 hadi 12, kiyoyozi kinafanya kazi yake na chumba ndicho kinachovuja.

Wakati friji inasubiri matengenezo, mlango usifunguliwe ovyo. Sehemu ya chini hutunza chakula salama kwa kama saa nne. Friza iliyojaa hukaa saa 48 na iliyojaa nusu saa 24. Insulini ihamishiwe mapema kwenye chungu au ndoo yenye kitambaa kibichi kivulini, wala isigusane na barafu, kwa kuwa iliyoganda haifai tena.

Fundi anayefika nyumbani aulizwe mambo matatu kabla ya kufungua chupa yake: volti za soketi ni ngapi, tundu liko wapi, na gramu zinazotakiwa zimeandikwa wapi. Asiyeweza kulionyesha tundu asilipwe kuongeza gesi.